Mkia wa motahomu: namna ya kuendesha nyumba ya mita 11 bila kuvunja kitu

Motahomu nyingi, zile nyumba za magurudumu zenye injini yake, hupata kovu la kwanza sheli. Tangi limejaa, risiti imetoka, pampu iko kulia na njia ya kutokea iko kushoto. Dereva anakata usukani kushoto, pua inatoka bila shida, na mbele yake hakuna kitu. Mita tisa nyuma ya kiti chake, kona ya bodi inasogea kulia, polepole, mpaka inaifikia ile nguzo ya chuma ya njano iliyojazwa zege ya kulinda pampu. Mlio wake ni kama wa bati linalochanwa. Spidi haikufika hata kilomita 5 kwa saa. Na fibaglasi si bati la Fuso, kwamba likibonyea utalinyoosha kwa nyundo. Inapasuka, na fundi anakata kipande kizima na kuanza upya.

Kovu la pili hutoka juu: daraja fupi, tawi la mti, paa la mgahawa wa kununulia chakula ukiwa ndani ya gari. La tatu si kovu tena. Hilo hutoka mteremkoni, au kwenye tairi la mbele lililozeeka.

Makala hii ni kwa Waswahili walioko Marekani na Kanada wanaotaka kukodi au kununua nyumba ya magurudumu wazunguke na familia, na pia kwa ndugu zao madereva wa malori wanaodhani hawana cha kujifunza hapa. Wanacho, tutafika.

Wamarekani huzigawa motahomu katika madaraja matatu. B ni kigari cha aina ya Hiace kilichowekwa kitanda na jiko. C ina shoo ya gari la kawaida na kitanda kilichochomoza juu ya dereva. A ndiyo ile kubwa kama basi, kioo cha mbele bapa, mlango ubavuni. Tunazungumzia A, na mfano wetu ni ile ya petroli ya urefu wa mita 10.7 (futi 35), upana wa mita 2.6, kimo cha mita 3.8 na uzito wa tani 11 hivi ikiwa imepakiwa. Majimbo mengi yanakuruhusu kuiendesha kwa leseni ileile ya gari dogo. Mpaka unaotajwa sana ni pauni 26,000, sawa na kilo 11,793. Ukiuvuka, Texas inataka leseni ya daraja B isiyo ya biashara. California huangalia urefu: motahomu iliyozidi futi 40, yaani mita 12.2, inataka leseni ya namna hiyo. Chini ya hapo, mtu aliyekuwa kwenye Corolla jana anakabidhiwa funguo leo na hakuna anayemuuliza kitu.

Gari linazungukia wapi

Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, gari letu la mfano lina mita 6. Nyuma ya ekseli ya nyuma inaning'inia bodi ya mita 3.5, na chini yake hakuna tairi. Likikata kona, gari halizungukii bampa wala usukani, linazungukia mstari wa ekseli ya nyuma. Kilicho mbele ya mstari huo kinavutwa ndani ya kona, kilicho nyuma yake kinatupwa nje. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, kona ya nyuma inatoka nje karibu sentimita 80. Wakati huohuo, upande wa pili, tairi la nyuma la ndani linapita karibu mita 3 ndani zaidi ya tairi la mbele. Kwa hiyo kona moja ina hatari mbili, moja kila ubavu, na macho ya dereva mgeni yanafuata pua, mahali ambapo hakuna hatari hata moja.

Hapa ndipo dereva wa semi anapokosea. Tela lake lina tairi karibu na mwisho kabisa, kwa hiyo mkia wake haupigi sana. Miaka kumi ya barabara kuu ya I-80 imemfundisha kuogopa tairi la nyuma linalopanda ukingo wa barabara, na hilo analijua kuliko sisi sote. Mkia unaotoka upande wa pili haumo katika mazoea yake. Dereva wa basi refu la abiria anaujua vizuri zaidi.

Dawa ya mkia ni fupi: ukiwa karibu na kitu kilicho ubavuni mwako, nenda mbele ukiwa umenyooka kwanza, mpaka kona ya nyuma ikipite kitu hicho, ndipo ukate. Kama nafasi ya mbele haitoshi kunyooka hivyo, kata usukani kidogo kidogo huku ukiangalia saiti mira ya upande ulio KINYUME na unakokwenda. Unakata kushoto, unatazama kulia. Ni jambo ambalo mwili unalikataa siku za kwanza.

Jumapili asubuhi, uwanja mtupu

Usijifunze mtaani. Tafuta uwanja wa maegesho wa shule au wa duka kubwa kabla halijafunguliwa, omba ruhusa, na uwe na koni kumi na mbili. Chupa za plastiki zilizojazwa mchanga nusu zinafaa vilevile, na ukizikanyaga hazikudai kitu. Unahitaji pia futi kamba, chaki na mtu mmoja. Saa nne zinatosha.

Anza na mkia, kwa sababu ni lazima uuone ndipo uamini. Sogeza gari mpaka ubavu wake wa kulia uwe juu kabisa ya mstari uliopakwa rangi, tairi zikiwa zimenyooka. Kata usukani kushoto mpaka mwisho, nenda mbele mita 3 kwa mwendo wa kutambaa, simama, weka breki ya maegesho, shuka. Nenda nyuma ukapime bodi imevuka mstari kwa kiasi gani. Andika namba hiyo kwenye kipande cha karatasi na ukibandike karibu na usukani. Rudia ukiwa umekata nusu tu. Tofauti ya namba hizo mbili itakufundisha kuliko maelezo yetu yote ya hapo juu.

Zoezi la pili ni kujua bampa iko wapi. Mtu asimamishe koni ikigusa bampa ya mbele, katikati. Ukiwa umekaa kitini hutaiona. Aisogeze mbele mpaka uone ncha yake, pima umbali huo. Fanya hivyohivyo pembeni na nyuma. Watu wengi hushangaa kwamba mtoto mdogo anaweza kusimama mbele ya kioo hicho kikubwa kama cha duka asionekane.

La tatu ni kona ya kulia ya digrii 90 kati ya mistari miwili ya koni. La nne ni kurudi nyuma kwenye kisanduku cha upana wa mita 3.7. Na kabla hujaondoka uwanjani, fika kilomita 40 kwa saa ukafunge breki kwa nguvu mara moja, mizigo ikiwemo. Kabati zitafunguka, sufuria litaanguka, mtu atakasirika. Heri hapo.

Kiti, njia, na mazoea ya nyumbani

Aliyejifunzia Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ana kazi ya ziada ambayo mwenzake wa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi hana. Mwili wake umezoea kukaa kulia, karibu na mstari wa katikati ya barabara, na gari lote likiwa limelala kushoto kwake. Kwenye Corolla ya Marekani kosa hilo anajirekebisha, nafasi ipo. Kwenye motahomu hakuna. Njia ya barabara kuu ina mita 3.66, gari lina 2.6, kwa hiyo kila upande unabaki na nusu mita tu, na vioo vya pembeni vimechomoza humohumo. Kiti kiko sentimita 60 hivi kutoka ubavu wa kushoto, na karibu mita 2 za gari ziko kulia kwako. Mwili ukienda kukaa mahali ulipozoea, tairi za kulia zinakula bega la barabara, kisha changarawe.

Mahali sahihi pa mwili wako ni mita 1.1 hivi kutoka mstari wa kushoto wa njia. Utahisi uko karibu mno na wanaokuja. Usipime kwa hisia, pima kwa kioo: tazama mbali mbele, kisha saiti mira zote mbili, na nafasi kati ya tairi la nyuma na mstari iwe sawa kushoto na kulia. Abiria wa mbele akianza kujisogeza katikati ya kiti chake, umeenda kulia mno. Kipimo hicho hakina kosa.

Vioo vyenyewe ni viwili kila upande. Cha bapa kinaonyesha umbali wa kweli. Kipange mpaka ubavu wa gari uchukue ukingo mwembamba tu wa kioo, sehemu iliyobaki iwe barabara. Cha mviringo kinaonyesha eneo kubwa lakini kinadanganya, gari lililo karibu linaonekana liko mbali. Kipange mpaka uone tairi la nyuma linapogusa lami. Usipoliona tairi hilo kiooni bila kuinua shingo, hujamaliza kupanga, usiwashe gari.

Kwenye kona ya kulia mjini, kaa upande wa kushoto wa njia yako, ingia makutanoni ukiwa umenyooka kupita pale ambapo gari dogo lingeanza kukata, halafu kata kwa nguvu ukitazama tairi la nyuma la kulia kiooni. Wewe umekaa juu ya tairi za mbele au mbele yake kidogo, kwa hiyo utajiona unaingia barabara ya watu. Ni sawa. Upana utafute baada ya kuanza kona, usiutafute kabla yake. Ukitanua kushoto mapema, gari dogo litajipenyeza kulia kwako, na ndilo utakalolibana. Kona ya kushoto ni rahisi kuliko hii: fika katikati ya makutano kwanza, na kama kuna njia mbili za kukata kushoto, chukua ile ya nje.

Utingo

Nyumbani lori halirudi nyuma bila utingo. Anagonga bodi mara mbili, anapiga kelele "Njoo! Njoo! Njoo hivyohivyo!", na dereva anamwamini. Marekani, mtu mwenye gari la tani 11 anarudi peke yake akitegemea kamera, na kambi za motahomu zimejaa mita za umeme zilizopinda.

Mrudishe utingo. Awe mke, mume, mtoto mkubwa, yeyote, lakini mkubaliane kabla. Anasimama nyuma upande wa dereva, mahali unapomwona kwenye kioo cha bapa. Akitoka kiooni, unasimama palepale, hata kama unadhani unajua alipo. Anaonyesha mkia uende upande gani, asikuambie usukani ukatwe wapi, maana akianza "kulia, hapana, kulia kwangu" mmekwisha. Ishara ya kusimama ni moja: mikono yote miwili juu, imekunjwa ngumi. Simu zikiwa zimeunganishwa ni nzuri, ila mtandao ukichelewa sekunde moja gari limekwenda nusu mita, kwa hiyo mikono ndiyo ya kuamini.

Kabla hamjaanza, shukeni wote wawili mkatazame. Chini: bomba, jiwe, mteremko. Pembeni: meza ya zege, sanduku la umeme. Juu: matawi, na hapo ndipo karibu wote wanasahau. Chagua kurudi kwa upande wa kushoto, ule unaouona kwa dirisha lako. Kama nafasi imekaa kulia, zunguka kambi uje kutokea upande wa pili. Hakuna aibu kwenda mbele na kuanza upya mara sita.

Kimo

Pima mwenyewe, usiamini karatasi ya muuzaji. Kipimo ni mpaka juu ya kiyoyozi cha paa au antena, chochote kilicho juu zaidi. Kiandike kwa futi na inchi na pia kwa mita, kwa sababu Marekani vibao vinasema futi, ukivuka kwenda Kanada vinasema mita, na watu wamechanganya. Gari la mita 3.8 ni futi 12 na inchi 6.

Daraja la reli la mtaa wa Gregson, Durham, North Carolina, lilijengwa 1940 likiwa na futi 11 na inchi 8, na lilimenya mapaa ya magari mpaka likapewa jina la kifungua kopo. Mwaka 2019 liliinuliwa inchi 8. Sasa ni mita 3.76, na gari letu la mfano bado litaliacha paa pale. Hifadhi nazo zina mipaka yake. Kwenye handaki la Zion, Utah, lililofunguliwa 1930, chombo kilichozidi kimo cha mita 3.45 au upana wa mita 2.39 hakitoshi kwenye njia yake. Barabara ya Going-to-the-Sun kule Glacier, Montana, hairuhusu katika sehemu yake ya juu gari lililozidi mita 6.4 kwa urefu. Soma ukurasa wa hifadhi kabla ya kulipia kambi. Ramani ya simu ya kawaida haijui kimo chako. Nunua ile ya malori au ya motahomu uijaze vipimo vyako. Na kama una mitungi mikubwa ya gesi ya kupikia, mahandaki mawili ya bandari ya Baltimore hayakutaki.

Tairi huzeeka kabla ya kuisha

Lori linakula tairi zake kwa mwendo. Motahomu inakaa uani miezi tisa, juani, halafu inasafiri wiki tatu, kwa hiyo kashata za tairi zinaonekana mpya huku mpira wa ubavuni umekauka. Tafuta ubavuni herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 3418 ni wiki ya 34 ya mwaka 2018. Ikifika miaka saba, hasa za mbele, tusingebembeleza. Wakati mwingine namba hiyo iko ubavu wa ndani na itabidi uingie chini na tochi. Ingia.

Upepo unapimwa tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya kusogea hata mita mia. Kiasi hutegemea uzito halisi wa ekseli, kwa jedwali la mtengenezaji wa tairi. Namba iliyoandikwa ubavuni ni ya mzigo wa juu kabisa, si lazima iwe yako. Ile desturi ya kugonga tairi kwa rungu itakuambia lina pancha. Haitakuambia limepungua psi 20. Na psi 20 ndizo zinazoua, maana tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi kila mzunguko, linapata joto, na linapasuka saa mbili baadaye ukiwa kwenye spidi.

Uzito nao upime, usiukisie. Vituo vikubwa vya malori vina mizani ya CAT Scale inayotoa ekseli ya mbele, ya nyuma na gari unalovuta kila moja kwa namba yake. Nenda ukiwa umejaza mafuta, maji na watu. Galoni 100 za maji peke yake ni kilo 379. Kisha linganisha na kibandiko kilichoko karibu na kiti cha dereva. Uzito wa jumla unaweza kuwa halali huku ekseli ya nyuma imezidi, kwa sababu kila unachopakia kwenye ile mita 3.5 ya mkia kinakandamiza nyuma na kuinyanyua mbele, na mbele ndiko uliko usukani.

Tairi la mbele likipasuka, mguu wako utataka kuruka kwenye breki. Usifanye hivyo. Shika usukani kwa mikono miwili, ongeza mafuta kwa sekunde moja au mbili ili gari liendelee kwenda mbele badala ya kuvutwa pembeni, linyooshe, kisha ondoa mguu taratibu na uliache lipungue lenyewe mpaka bega la barabara. Breki inakuja mwisho kabisa. Hili halifanyiwi zoezi uwanjani, kwa hiyo lisemee kwa sauti ukiwa umekaa kitini, mkono kwenye usukani, mara kadhaa.

Mteremko

Anayeijua miteremko ya Kitonga au Sekenke kule Tanzania haelezwi sana. Kule Kenya, Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret ilipata jina baya kwa malori yaliyoshuka kwa nyutro ili kuokoa mafuta. Fizikia ya motahomu ni hiyohiyo, ila dereva wake yuko likizo, ana kahawa mkononi na watoto nyuma.

Handaki la Eisenhower kwenye I-70, Colorado, liko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitokea upande wa magharibi kuelekea Silverthorne, barabara inashuka kwa mwinamo unaofika asilimia 7, na hadi chini unapoteza zaidi ya mita 600. Tani 11 zikishuka mita 600 zinatoa nishati ya kuchemsha lita 190 za maji yaliyoanza nyuzi 20. Karibu pipa zima. Joto hilo lazima liende mahali. Ama liende kwenye injini, ambayo ina rejeta ya kulitoa, ama liende kwenye breki, ambazo hazina.

Breki zikichemka, lainingi zinapoteza ukamataji. Kama ni dramu, chuma chake kinatanuka kinazikimbia lainingi. Kama ni breki za mafuta, maji yaliyonyonywa na mafuta ya breki kwa miaka yanageuka mvuke, pedali inazama mpaka sakafuni na hakuna kinachotokea. Harufu ya kuungua inakuja kabla ya haya, na ukiisikia simama mahali pa kwanza palipo salama, usisubiri chini. Ukisimama usimwage maji kwenye magurudumu.

Kwa hiyo gia inachaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka. Kwenye motahomu ya petroli bonyeza kitufe cha kuvuta mzigo kwenye mkono wa gia, kisha shusha gia mpaka injini ishike gari lenyewe bila breki au karibu na hivyo. Itanguruma kwa sauti ya kutisha. Acha ingurume, ilimradi mshale haujafika eneo jekundu. Kwenye dizeli washa breki ya injini, lakini izime kukiwa na barafu au utelezi, maana inakamata tairi za nyuma tu na zinaweza kuteleza.

Tuseme umechagua maili 35 kwa saa, kilomita 56. Acha gari lipande hadi 35, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka 30, kazi ya sekunde tatu hivi, achia kabisa. Likipanda tena hadi 35, rudia. Kuikanyaga kidogo kidogo mfululizo ndiko kunakoonekana kwa upole, na ndiko kunakochoma breki, kwa sababu hazipati hata sekunde ya kupoa. Breki zikikataa kabisa, ile njia ya changarawe iliyochongwa pembeni ipo kwa ajili yako pia, si ya malori peke yake. Gari litazama mpaka ekseli na kuvutwa kutoka humo ni gharama. Ingia.

Dizeli kubwa zina breki za upepo, na asubuhi zina kipimo chake. Gari likiwa tambarare na vigingi vikiwa chini ya tairi, jaza upepo mpaka psi 120 au 130, zima injini, rudisha swichi mahali pa taa, achia breki ya maegesho. Kanyaga pedali kwa nguvu dakika moja. Upepo usipungue zaidi ya psi 3. Kisha pampu pedali. Kufika psi 60 king'ora kiwe kimelia. Endelea, na kati ya 45 na 20 kile kitufe cha njano cha breki ya maegesho kinaruka chenyewe. Hapo umeona kwa macho jinsi breki ile inavyofanya kazi: kinachoikamata ni springi, na upepo ndio unaoiachia.

Barabarani, acha sekunde moja kwa kila futi kumi za urefu wako, na ukivuka maili 40 kwa saa ongeza moja. Kwa gari letu, likivuta gari dogo nyuma, ni sekunde sita kwenda juu. Watu watajaza nafasi hiyo. Ifungue tena. Ukienda maili 70 badala ya 55, nishati ya kusimamisha inaongezeka kwa asilimia 62. Semi likikupita, upepo wake unakusukuma nje kwanza, kisha unakuvuta ndani. Sogea kidogo upande wa mbali likiwa bado nyuma yako, na ukae na usukani mtulivu.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka zunguka gari mara mbili, ukipita mwelekeo tofauti kila mara, peke yako, bila mtu kukusemesha. Jeki za kusawazisha zimepanda, vyumba vya kutokeza, vile vinavyosukumwa nje ya ubavu mkiwa kambini, vimeingia, turubai limekunjwa, antena imelala, ngazi imefungwa, waya wa umeme na mpira wa maji vimechomolewa, gesi imezimwa. Mtu akikukatiza katikati, anza upya. Na watu wote wakae wamefunga mikanda. Anayekaanga mayai gari likitembea atakutana na kioo cha mbele.

Limebaki gari dogo la kuvuta nyuma, ambalo wengi hulipenda ili motahomu ibaki kambini. Liwe na breki yake ya ziada inayofanya kazi motahomu ikifunga breki, na waya wa kulisimamisha likichomoka. California itakushusha hadi maili 55 kwa saa ukiwa unalivuta. Na likivutwa kwa magurudumu yake manne, huwezi kurudi nyuma nalo, hata mita mbili. Tairi zake za mbele zinajikata pembeni, mkono wa kuvutia unapinda, na mkono huo si wa bei ndogo. Ukikwama, njia ni kushuka na kulifungua kwanza, magari yakiwa yamepanga foleni nyuma yako yakipiga honi. Kwa hiyo kabla ya kuingia sheli yoyote ukiwa na motahomu na gari nyuma, itazame ukiwa bado barabarani: pampu ya mwisho pembeni, njia ya kutokea iliyonyooka mbele yake, dari lenye kimo kinachokutosha. Usipoviona vyote vitatu, pita. Kituo cha malori kiko mbele.